Kuharisha na Homa si Meno: Maswali ya Wazazi Wenye Watoto wa Miezi 6 hadi 12

Haya ni maswali tunayoulizwa sisi wauguzi kwenye kliniki ya watoto, huku upande wa Busia, Uganda. Machache nimeyaongeza mwenyewe kwa sababu wazazi hawayaulizi mapema, wanayauliza mtoto akiwa tayari kwenye dripu.

Meno huanza kuota lini?

Kwa watoto wengi ni kati ya mwezi wa 6 na wa 10. Kwa kawaida yanatangulia mawili ya mbele, chini. Yanafuata ya mbele ya juu. Chonge huja nyuma sana, mtoto akiwa na miezi 16 hadi 22 hivi. Mtoto aliyefika mwaka mmoja bila jino hata moja si mgonjwa, mpe muda.

Nitajuaje kwamba ni meno yanayomsumbua?

Udenda unamtoka mpaka kifua cha nguo kinalowa. Anatafuna kila kitu, fizi zimevimba kidogo, analialia, na usiku anaamkaamka. Joto la mwili linaweza kupanda kidogo sana. Basi, dalili zinaishia hapo. Mpanguse fizi kwa kidole kisafi au kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi salama. Dawa za kupaka fizi zenye ganzi ziache dukani, si salama kwa mtoto wa umri huu.

Na kuharisha?

Hapana.

Na homa kali?

Hapana. Joto likifika nyuzi 38 hiyo ni homa, na homa ina chanzo chake. Si meno.

Mbona basi karibu kila mtoto anayeota meno anaharisha?

Swali hili ni la haki, na naomba ulisome jibu lake mpaka mwisho, kwa sababu ndilo linalotuletea watoto wakiwa wamechelewa.

Tazama anachofanya mtoto wa miezi 8 kutwa nzima. Ameanza kutambaa. Uani kuna kuku, na kinyesi cha kuku kiko pale pale anapopitisha viganja. Anaokota kipande cha mkaa karibu na sigiri, anakitia mdomoni. Anakitupa, anachukua kifuniko cha jerikeni, anakinyonya. Baba akirudi kutoka mpakani, mtoto anapewa simu achezee, nayo inaishia mdomoni pamoja na noti iliyopita mikononi mwa watu mia. Fizi zinamwasha, kwa hiyo anatafuna zaidi ya zamani.

Wakati huohuo ameanza kula. Uji wa asubuhi unaachwa kwenye kikombe, unapoa, inzi wanatua, na saa 8 mchana anapewa uleule. Maji ya kunywa hayajachemshwa. Chupa ya chuchu imesuuzwa tu. Juu ya hayo, kinga aliyopewa na mama yake tangu tumboni imekwisha kupungua, na yake mwenyewe bado haijakomaa.

Kwa hiyo meno na kuharisha vinakutana katika miezi ileile, lakini jino halimharishi mtoto. Kinachomharisha ni vijidudu alivyomeza. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni, ukimaliza kumtawaza mtoto, na kabla ya kumlisha. Umnawishe na yeye. Chemsha maji. Tumia kikombe na kijiko badala ya chupa. Uji uliobaki usimrudishie.

Mama mkwe anasema tusubiri, ni meno tu, yatapita. Tusubiri siku ngapi?

Hata moja msisubiri.

Namheshimu mama mkwe, amelea watoto kabla yetu. Lakini mtoto mwenye kilo 8 hana akiba ya maji. Akiharisha mara sita au saba na kutapika juu yake, anaweza kukauka siku hiyohiyo. Wengi wanaofika kituoni wakiwa wamelegea hawakuanza kuugua asubuhi ile. Ukiuliza, unaambiwa: "Ameharisha siku nne, tulijua ni meno." Na mtoto wa hivyo ukimbana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili kisha ukaachia, ule mkunjo unabaki umesimama, unarudi polepole. Macho yameingia ndani. Utosi umebonyea. Analia, machozi hayatoki. Kuharisha kwenyewe kulikuwa kwa kutibika nyumbani tangu siku ya kwanza kwa maji ya ORS, yale ya pakiti ya chumvi na sukari. Kilichomfikisha hapo ni zile siku nne.

Neno "meno" likitamkwa nyumbani kila mtu anatulia, na hapo ndipo saa zinapotea. Mtoto wako akiharisha, anza ORS palepale, halafu mpeleke kwa mhudumu wa afya. Mkitaka kubishana kuhusu meno mtabishana njiani.

Jirani ameangalia fizi akasema ni ebinyo, ang'olewe. Nifanye nini?

Funika mtoto wako uondoke.

Wanachokiita ebinyo, au meno ya uongo, ni vivimbe vyeupe kwenye ufizi, mahali pa chonge. Kila mtoto mwenye afya anavyo. Ni chonge zake za utoto zenyewe, zimo ndani ya ufizi zikisubiri zamu yake. Ufizi wa mtoto ni mwembamba, ndiyo maana weupe unaonekana. Si funza, si ugonjwa, wala hazileti homa.

Anayeng'oa anatumia spoku ya baiskeli, wembe, msumari au kisu. Hakuna ganzi. Kifaa kilichotumika kwa mtoto wa asubuhi ndicho kinachotumika kwa wa jioni. Anachimba ufizi mpaka kile kijino laini kitoke, kisha anampa mama aangalie: "Unaona? Ndicho hiki." Mama anaona kitu kidogo cheupe na anaamini. Alichoonyeshwa ni jino la mwanawe, changa, lililong'olewa kabla ya wakati.

Kinachofuata tunakiona sisi. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji sasa anavuja damu pia, na wengi wa umri huu huku kwetu damu yao ni haba tangu mwanzo kwa sababu ya malaria na lishe. Kidonda kinapakwa dawa ya majani, kinaingia uchafu, na usaha unaweza kupeleka vijidudu kwenye damu. Kuna hatari ya pepopunda. Kuna hatari ya virusi vya UKIMWI kutoka kwenye kifaa kisichochemshwa. Kinywa kinauma, kwa hiyo anakataa ziwa, wakati maziwa ndiyo anayoyahitaji kuliko kitu kingine chochote. Na kwa sababu jino la ukubwani hujengeka karibu na lile la utoto, wengine hukua wakiwa na pengo au jino lililopinda.

Kuharisha kwenyewe kunaendelea palepale. Hakujatibiwa.

Lakini mtoto wa jirani aling'olewa akapona.

Kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Akiwa ameng'olewa siku ya tatu, siku ya tano anayesifiwa ni mng'oaji. Akifariki, inasemwa walichelewa kumpeleka kwa mng'oaji. Kwa hesabu ya namna hiyo mng'oaji hawezi kushindwa hata siku moja, na mimi inaniuma kuona wazazi wenye akili zao wanaikubali.

Na mimi niling'olewa utotoni, mbona niko hai?

Nashukuru kwamba uko hai. Waliokufa hawawezi kuja kliniki kutueleza upande wao. Usimng'oe mtoto.

Ana homa tu, haharishi. Naweza kumpa parasetamo nione itakavyokuwa?

Parasetamo inashusha joto, haitibu chanzo. Mpe kwa kipimo cha uzito wake, halafu nenda akapimwe. Uganda mtoto mwenye homa anapimwa malaria ndani ya saa 24 tangu homa ianze, hata kama jana jino limetokeza na mmelishangilia nyumba nzima. Kipimo ni tone la damu la kidole na majibu hayachukui nusu saa. Vijiji vingi vina wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, wenye kipimo na dawa. Usione haya kubisha hodi kwao.

Mwangalie na kupumua. Ametulia, halii, hesabu pumzi zake dakika nzima. Aliye na miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno, huenda ni nimonia. Hilo pia naambiwa ni meno.

Akiharisha nimpe nini?

Maji ya ORS. Soma pakiti inahitaji maji kiasi gani. Nyingi zinahitaji lita moja: pima kwa chupa ya nusu lita, mara mbili, maji yaliyochemshwa yakapoa. Usikorogee nusu pakiti kwenye kikombe kwa kukisia; chumvi ikizidi inamdhuru. Kila akiharisha mpe robo hadi nusu kikombe kikubwa, kijiko kwa kijiko. Akitapika subiri dakika 10, uendelee taratibu zaidi. Yaliyokaa saa 24 mwaga, koroga mengine.

Pamoja na ORS kuna vidonge vya zinki. Kuanzia miezi 6 ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoandikiwa. Kinayeyushwa kwenye kijiko chenye maziwa ya mama. Malizeni dozi. Wengi wanaacha siku ya tatu kwa kuwa choo kimeshika, wakati zinki inamkinga pia na kuharisha kwa wiki zijazo.

Ziwa usimnyime, mwongezee. Chakula usimkatie.

Na tafadhali, Flagyl ya maji mnayonunua duka la dawa kila choo kikilainika, iacheni. Kuharisha kwingi kwa umri huu kunatokana na virusi, na dawa hiyo haiui virusi. Pesa ya Flagyl inanunua ORS na zinki, na kwenye vituo vya serikali hizo hutolewa bure zikiwepo.

Anapokaribia mwaka ale nini?

Anyonye mpaka miaka 2, na ale mara tatu au nne kwa siku pamoja na kitu kidogo katikati. Uji mtupu hautoshi. Kitobero tunachofundishwa kukitengeneza kinafaa sana: matoke au viazi, maharage au karanga zilizosagwa, na mukene (dagaa) iliyopondwa, vyote vinapikwa kwa mvuke pamoja kisha vinapondwa. Karanga nzima usimpe, zinakaba. Asali usimpe mpaka atimize mwaka. Na chai, naomba sana, mtoto haihitaji. Inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na hapo juu nimeshasema habari za damu.

Chanjo zimebaki zipi?

Miezi 9 ni surua na rubela, pamoja na homa ya manjano. Katika wilaya zilizoanza chanjo ya malaria mwaka 2025, ni miezi 6, 7 na 8, halafu 18. Vitamini A ni kila miezi 6 kuanzia mwezi wa 6. Wazazi wengi wanapotea baada ya sindano za wiki 14, wanarudi mtoto akiugua. Leteni kadi, tutaangalia kilichokosekana.

Mwanangu alishang'olewa wiki hii. Naogopa kuja, mtanifokea.

Njoo leo. Ni kweli kuna wauguzi wanaofoka, na si sawa. Mzazi aliyefokewa mara moja hatarudi tena, na atakayeumia ni mtoto. Sema wazi kwamba aling'olewa, na lini. Usifiche kwa kusema alianguka, maana matibabu yanategemea hilo. Tutaangalia kama bado anavuja damu, tutapima wingi wa damu, tutasafisha kidonda, tutatazama kama chanjo zake zenye kinga ya pepopunda zimekamilika, na tutakueleza lini arudi kupimwa virusi vya UKIMWI. Ukiona taya linakaza au anashindwa kunyonya, usipitie popote pengine.

Ni usiku, boda hakuna, na anaharisha. Nifanyeje?

Kama anakunywa, anakuangalia na anakojoa, mpe ORS kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, mnyonyeshe kila anapotaka, usimwache alale masaa mengi bila kunywa. Alfajiri mwende. ORS ikiwa haipo ndani, mpe ziwa, maji ya wali au maji safi, na mtume mtu kwa VHT wenu achukue pakiti.

Lakini kama hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki, alfajiri ni mbali. Vilevile ukiona damu kwenye choo au macho yameingia ndani. Gonga kwa jirani mwenye pikipiki. Gonga kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), mwamshe, atafute usafiri. Mfunge mtoto mgongoni au kifuani, beba ORS kwenye chupa na kijiko, mpe njiani kama anaweza kumeza, na beba kadi ya chanjo.