Septuaginta: je, uvuvio uliwafikia na wafasiri?

Chukua Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ufungue Zaburi 40:6. Utasoma: "Masikio yangu umeyazibua." Sasa nenda Waebrania 10:5, ambako mwandishi anainukuu zaburi hiyohiyo: "Mwili uliniwekea tayari." Masikio yamekuwa mwili, na hakuna mfasiri wa Kiswahili aliyekosea. Zaburi ilifasiriwa kutoka Kiebrania, Waebrania kutoka Kiyunani. Mwandishi wa Waebrania alizisoma zaburi zake katika tafsiri ya Kiyunani ambayo Wayahudi walikuwa wameifanya kabla ya Kristo, na akajenga hoja yake juu ya neno "mwili". Tafsiri hiyo huitwa Septuaginta, yaani ya Sabini.

Sisi tunaofundisha Agano la Kale huulizwa sana kuhusu mistari ya namna hii. Anayeuliza anataka kujua lipi ni neno la Mungu, masikio au mwili. Waislamu wa mwambao wana msimamo unaojulikana: Kurani ni ile ya Kiarabu, na iliyoandikwa kwa Kiswahili ni tafsiri ya maana yake. Wakristo hawakuwahi kuafikiana hivyo. Paulo anapomwandikia Timotheo kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu, na huo ndio uvuvio, amekwisha kumkumbusha katika mstari uliotangulia maandiko aliyoyajua tangu utoto. Timotheo alikuwa kijana wa Asia Ndogo, mama Myahudi, baba Myunani. Yaelekea sana kwamba maandiko aliyolelewa nayo yalikuwa ya Kiyunani.

Habari ya kwanza tuliyo nayo juu ya tafsiri hii ni Barua ya Aristea, ambayo wataalamu wengi huiweka katika karne ya 2 KK. Inasimulia kwamba mfalme Ptolemi II wa Misri, aliyetawala hadi mwaka 246 KK, alitaka Torati ya Wayahudi iwemo katika maktaba yake ya Aleksandria. Akatuma watu Yerusalemu kwa kuhani mkuu Eleazari, naye akamletea wazee 72, sita kutoka kila kabila; hao ndio wanaoitwa kwa ufupi Sabini. Mfalme aliwakaribisha kwa karamu ya siku saba akiwauliza maswali ya hekima, kisha wakavushwa hadi kisiwa cha Faro na kupewa nyumba tulivu ufukweni. Kila asubuhi walinawa mikono baharini, wakasali, wakafanya kazi hadi saa tisa. Walimaliza kwa siku 72. Tafsiri ikasomwa mbele ya Wayahudi wa mji, wakaikubali, wakamlaani yeyote atakayeongeza au kupunguza kitu.

Si yote humo ni historia. Demetrio wa Falero, ambaye barua inamtaja kuwa ndiye msimamizi wa maktaba, alikuwa amekosana na mfalme huyo na kufukuzwa. Tena barua inazungumzia vitabu vitano vya Musa tu. Vingine vilifasiriwa kidogokidogo, na watu mbalimbali, kwa miaka mingi baadaye. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita. Aristea hasemi kwamba kulikuwa na muujiza wowote katika kufasiri. Anasema wazee walilinganisha kazi zao hadi wakapatana, na waliyopatana yakaandikwa. Ni kamati, na kamati inayobishana. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika chumba cha wafasiri wa Biblia ataitambua picha hiyo mara moja, ukiacha karamu ya mfalme.

Muujiza uliingia baadaye. Filo, mwanafalsafa Myahudi wa Aleksandria aliyeishi wakati wa Yesu, anasema wafasiri waliandika wote maneno yaleyale kana kwamba kila mmoja alisomewa imla na msemaji asiyeonekana, na kwamba wastahili kuitwa manabii. Anaongeza kwamba hadi siku zake Wayahudi, pamoja na watu wengine wengi, walivuka kwenda Faro kila mwaka kuadhimisha kazi hiyo. Baada ya sala walikula ufukweni, wengine wakipiga hema, wengine wakijilaza mchangani. Ireneo, askofu wa karne ya 2 BK, akawatenganisha wazee ili mfalme ahakikishe hawashauriani, na matokeo yakawa maneno yaleyale. Epifanio, karne mbili baadaye, anajua hata ramani ya majengo: vyumba 36, wazee wawiliwawili, mwanga ukiingia kwa darini tu, na mashua 36 za kuwapeleka jioni kula na mfalme. Kadiri masimulizi yalivyojitenga na tukio, ndivyo maelezo yalivyozidi kuwa kamili. Jambo hilo peke yake linatosha kumfanya msomaji awe mwangalifu.

Marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, nao hawakuwa na kauli moja. Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mafundisho yao, katika sehemu iitwayo Megila 9a, inasema Mungu alitia shauri moja katika moyo wa kila mzee, wote wakaandika sawa, hata mahali walipobadilisha maneno kwa makusudi. Lakini kitabu kingine cha marabi, Soferimu, kinasema siku Torati ilipoandikwa kwa Kiyunani ilikuwa nzito kwa Israeli kama siku ya kutengenezwa kwa ndama, kwa kuwa Torati haikuweza kufasiriwa ipasavyo. Mimi namwamini zaidi mtu aliyeifanya kazi yenyewe. Mjukuu wa Yoshua bin Sira alikwenda Misri karibu mwaka 132 KK, akakifasiri kitabu cha babu yake kwa Kiyunani. Katika dibaji anawaomba wasomaji radhi, kwa sababu yaliyosemwa kwa Kiebrania hayana nguvu ileile yakihamishwa katika lugha nyingine. Na anasema wazi kwamba hata Torati na Manabii hutofautiana si kidogo na asili yake. Hataji imla wala vyumba.

Mjadala ulipamba moto kweli kati ya Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, na Yeromo, aliyekuwa Bethlehemu akilifasiri upya Agano la Kale kwa Kilatini moja kwa moja kutoka Kiebrania. Yeromo alijifunza lugha hiyo kwa Wayahudi. Mmoja wao, Baranina, alikuwa akimjia usiku kwa kuogopa Wayahudi wenzake. Mwaka 403 Augustino alimwandikia kumweleza kilichotokea Oea, mji ambao leo ni Tripoli ya Libya. Askofu wa huko alisoma kanisani kitabu cha Yona katika tafsiri mpya ya Yeromo. Waumini wakasikia neno tofauti na lile walilolizoea tangu enzi za babu zao, wakazusha ghasia, hasa Wayunani, wakapaza sauti kwamba maandiko yamepotoshwa. Askofu akalazimika kwenda kuwauliza Wayahudi wa mji, nao wakasema maandishi ya Kiebrania yanakubaliana na tafsiri za zamani. Ikambidi asahihishe, asije akabaki bila waumini.

Katika jibu lake Yeromo anakisia kwamba ugomvi ulihusu mmea uliompa Yona kivuli. Tafsiri za zamani zilisema ni mtango, yeye akaandika mtambaazi mwingine, huku akikiri kwamba hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliokuwa mmea wenyewe. Wataalamu wengi wa leo hudhani ni mbarika, ule wa mafuta. Union Version imebaki na mtango.

Augustino alikuwa na hoja nzito kuliko mtango. Yona 3:4 kwa Kiebrania inasema Ninawi itaangamizwa baada ya siku arobaini. Septuaginta inasema siku tatu. Augustino anajibu kwamba Roho aliyekuwa ndani ya manabii alikuwa pia ndani ya wale Sabini, na aweza kusema jambo moja kwa kinywa cha nabii na jingine kwa kinywa cha mfasiri: arobaini kwa siku ambazo Kristo alikaa duniani baada ya kufufuka, tatu kwa siku ya kufufuka kwenyewe. Ni ufafanuzi wa werevu mkubwa. Ila mkazi wa Ninawi angependa kujua ana siku ngapi.

Yeromo alikwisha kuandika kwamba vile vyumba vya Aleksandria ni uongo wa mtu asiyejulikana, na kwamba unabii ni kazi moja na kufasiri ni nyingine: nabii hutabiri kwa Roho, mfasiri hutumia elimu na lugha aliyo nayo. Kwa hili naona Yeromo alikuwa na haki. Ukimwita mfasiri nabii, humwachii mtu nafasi ya kumsahihisha, na tafsiri isiyosahihishwa huzeeka vibaya. Wayahudi wenyewe walianza kuisahihisha mapema: gombo la Kiyunani la Manabii Kumi na Wawili lililopatikana Nahal Hever, karibu na Bahari ya Chumvi, linaonyesha tafsiri ya zamani ikirekebishwa ili ilingane na Kiebrania, wakati ambapo ugomvi na Wakristo haujakuwa sababu.

Yeromo naye aliteleza mahali pamoja. Alidhani Kiebrania alichokishika mkononi ndicho asili. Magombo yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na bahari hiyohiyo, yameonyesha kwamba kabla ya Kristo vitabu kadhaa vya Kiebrania vilizunguka katika sura zaidi ya moja. Yeremia ya Kiyunani ni fupi kwa takriban sehemu moja ya nane, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mfasiri alikata. Kisha pango la 4 likatoa vipande vya Yeremia ya Kiebrania vinavyofuata ile sura fupi. Vivyo hivyo Goliathi: Biblia zetu humpa mikono sita na shubiri, Septuaginta humpa minne na shubiri, na gombo la Samweli la Qumran, kwa Kiebrania, limesema minne. Kwa hiyo Sabini wanapotofautiana na Kiebrania chetu, pengine walikosea, pengine walifafanua, na pengine walisoma Kiebrania kingine kilicho cha kale kuliko chetu. Kila mstari una kesi yake.

Makanisa yamechagua njia tofauti. Waorthodoksi wanaishika Septuaginta kuwa Agano lao la Kale. Wakatoliki wamevipokea vitabu ambavyo Wayahudi wa baadaye hawakuviweka katika orodha yao, kama Tobiti, Yudithi na Yoshua bin Sira. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, ulithibitisha orodha hiyo mwaka 1546. Waprotestanti walirudi kwenye orodha ya Kiebrania, na wengi wao hufundisha kwamba uvuvio ni wa maandishi ya asili, tafsiri ikibeba mamlaka hayo kadiri inavyoyafuata.

Msimamo huo wa mwisho ni mzuri hadi ufike Matendo 15. Mitume wamekutana Yerusalemu kuamua kama watu wa mataifa wapokewe bila kutahiriwa. Yakobo anasimama, anamnukuu Amosi: "Ili wanadamu waliosalia wamtafute Bwana." Fungua Amosi 9:12 utakuta: "wapate kuyamiliki mabaki ya Edomu." Kwa Kiebrania kilichoandikwa bila irabu, "Edomu" na "wanadamu" vinakaribiana sana, na "kumiliki" na "kutafuta" vinatofautiana kwa herufi moja. Huenda mfasiri wa Kiyunani alisoma vibaya, huenda nakala yake ilikuwa tofauti; Qumran haijatutatulia hili. Lakini usomaji huo wa Kiyunani ndio ulioandikwa katika Matendo, nao ndio unaotaja wanadamu wote mahali ambapo Kiebrania chetu kinataja taifa moja jirani.