Mtiririko wa andiko la kitaaluma: kazi ya viunganishi na alama za uakifishi

Mtiririko ni hali ya sentensi moja kumfikisha msomaji kwenye inayofuata bila kumrudisha nyuma kutafuta zinavyohusiana. Tazama aya hii:

"Mahudhurio ya wanafunzi yalipungua mwezi Aprili. Mvua za masika zilikata barabara. Shule mbili hazikufungwa. Walimu wake wanaishi karibu."

Kisarufi haina kosa, lakini msomaji haambiwi kama mvua ndiyo sababu, wala kwa nini walimu wametajwa. Sasa:

"Mahudhurio ya wanafunzi yalipungua mwezi Aprili kwa sababu mvua za masika zilikata barabara. Hata hivyo, shule mbili hazikufungwa; walimu wake wanaishi karibu."

Kilichoongezwa ni "kwa sababu", "hata hivyo" na nukta mkato. Basi. Wengi wanaoanza kuandika tasnifu hupitiliza, wakafungua kila sentensi kwa "aidha", "vilevile", "pia" na "isitoshe" mpaka aya ikageuka orodha. Viunganishi hivyo vya kuongeza ni rahisi kwa kuwa havimdai mwandishi chochote. "Kwa hiyo" humdai: ukiiandika, umeahidi kwamba hoja iliyotangulia inatosha kuzaa inayofuata. Isipotosha, mtahini ataona pengo la hoja, na hapo kubadilisha neno hakusaidii.

Vingine vina masharti yake. "Bali" hutaka ukanushi kabla yake: "Tatizo si uhaba wa vitabu bali ugawaji wake." "Licha ya" hufuatwa na nomino au kitenzi-jina, kama "licha ya mvua" au "licha ya kupewa mbolea", ilhali "ingawa" hufuatwa na kishazi chenye kitenzi chake. Ukishaanza na "ingawa", "lakini" ya katikati haina kazi tena. Na "aidha" maana yake ni zaidi ya hayo. "Aidha asubuhi au jioni" ni "either" ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Andika "ama asubuhi ama jioni".

Kiswahili kina viungo pia ndani ya kitenzi, na hivi husahaulika sana. "Wakati ambapo bei ya mbolea ilipanda, wakulima walipunguza eneo la kilimo" inatosha kuwa "Bei ya mbolea ilipopanda, wakulima walipunguza eneo la kilimo." -ki- hubeba sharti, -nge- hubeba jambo la kudhania tu. -ka- hufuatanisha matukio, ila ina ladha ya masimulizi. Itumie kwa uchache katika sura ya matokeo.

Kiungo kingine ni nomino yenye kiashiria: "Mahudhurio yalipungua. Upungufu huo ulionekana zaidi katika madarasa ya chini." Kuanza na "Hii ilionekana" baada ya sentensi ndefu humwacha msomaji akikisia "hii" ni ipi.

Kwa alama, kosa sugu ni mkato kati ya kiima kirefu na kitenzi chake: "Wanafunzi waliohojiwa katika shule za bweni, walisema..." Ukisoma kwa sauti pumzi hukatika hapo, ndiyo maana mkono huteleza, lakini kisarufi kiima na kitenzi havitenganishwi. Mahali pa mkato ni baada ya kishazi tegemezi kilichotangulia, kama kile cha "ilipopanda" hapo juu. Mkato hubadilisha hata maana: "Walimu ambao hawakupata mafunzo waliacha kazi" inahusu baadhi yao, "Walimu, ambao hawakupata mafunzo, waliacha kazi" inahusu wote. Katika ripoti ya utafiti, hayo ni matokeo mawili tofauti.

"Hata hivyo" ikikaa kati ya sentensi mbili kamili, itanguliwe na nukta au nukta mkato, na mkato uifuate. Nukta pacha (:) haihitajiki baada ya "ni": andika "Mikoa iliyochunguzwa ni Mbeya, Iringa na Njombe."

Unapohariri, piga mstari chini ya neno la kwanza la kila sentensi katika ukurasa mmoja. Neno moja likijirudia mfululizo, hapo pana kasoro. Kisha funika kila kiunganishi kwa kidole usome tena: maana isipobadilika, kifute. Mwisho tafuta sentensi zenye mikato zaidi ya mitatu ambazo si orodha. Mara nyingi mmojawapo ulistahili kuwa nukta.