Picha safi haina maana figo ni nzima

"Daktari, altrasaundi imetoka safi, kwa hiyo unga haujamgusa figo." Unga hapa ni dawa za kulevya, kama heroini na kokeini. Karibu kila wiki naisikia kauli hii hapa Mbeya ninakopima altrasaundi, mara nyingi kwa mzazi aliyekumbatia bahasha ya majibu. Hapana, mama. Hapana, baba.

Altrasaundi inaonyesha umbo: urefu wa figo (kwa mtu mzima kama sentimita 9 hadi 12), unene wa gamba, mawe, mkojo uliokwama. Kazi ya kuchuja haionekani. Ukisimama nje ya mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku utaona kuta na paa. Kama mchele unatoka, hujui mpaka uingie.

Mtu akijidunga heroini akazimika, akalalia mguu mmoja saa nyingi, misuli iliyobanwa hufa na kumwaga mayoglobini, protini ya misuli, kwenye damu. Mayoglobini hiyo huziba na kuumiza mirija midogo ya figo. Mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, au hukatika. Siku hizo figo kwenye skrini inaweza kuonekana ya kawaida kabisa, nami nitaandika hivyo, huku kreatini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu na ambayo figo huichuja, inapanda. Inaniuma ripoti yangu inapotumika kumrudisha mgonjwa kama huyo nyumbani.

Na kreatini isisomwe kwa haraka. Uwezo wa kuchuja unaweza kupungua hadi nusu kabla kreatini haijavuka kiwango cha kawaida, na kijana aliyekonda ana misuli michache, kwa hiyo namba yake hudanganya zaidi. Ndiyo maana sichoki kusema: pimeni na protini kwenye mkojo. Kwa wanaochangia sindano, VVU na homa ya ini C huharibu vichujio kimyakimya.

Kauli nyingine ninazozisikia: "Angekuwa mgonjwa angeumwa kiuno." Figo nyingi hufa bila kuuma.

"Kokeini ingeonekana." Kokeini hubana mishipa, kipande cha figo kikafa kwa kukosa damu, na altrasaundi ya kawaida ikakipita. Hapo inatakiwa CT skani yenye dawa ya mshipani.

"Bia inasafisha figo." Inaongeza mkojo tu.

"Nikisema natumia, ataita polisi." Siiti. Ukiniambia unajidunga, nitatafuta usaha ndani na kando ya figo, maana bakteria wa sindano hufika huko kwa njia ya damu. Ukinificha, naweza kuishia kupima urefu.