Vijisindano vinavyoyeyuka na dawa za mimea: yanayosemwa na ukweli wake

Mtu akisikia sindano anashtuka hapohapo, anajua ni maumivu na damu. Hapana jamani. Hii ni plasta ndogo yenye vijisindano vilivyobeba dawa, ukipitisha kidole juu yake inakwaruza kidogo kama msasa laini, kila kijisindano hakifiki hata milimita 1, kwenye misuli hakigusi. Unaigandamiza kwa dole gumba, unaiacha, ukija kuibandua ncha hazipo tena zimeyeyukia ndani, kwenye ngozi unaona vidoti vyekundu vimejipanga mistari na baadae vinapotea.

Wengine wanasema si bora krimu tu, nayo inaingia. Inaingia kidogo sana. Lile tabaka la juu kabisa la ngozi ni mikromita 10 hadi 20 hivi (mikromita 1000 ndo milimita moja) lakini ni ukuta kwelikweli, molekuli ikizidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) kwa kawaida haipiti, na asiatikosidi, kemikali ya mmea wa gotu kola, inakaribia 960, kwahiyo upake kutwa nzima nyingi itabaki juu.

Eti ncha zikiyeyuka plastiki inabaki mwilini? Inategemea imetengenezwa na nini. Kwa mfano zipo za asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho ngozi yako tayari inacho, nazo zinayeyuka ndani ya dakika au masaa.

Sasa hili ndo linaniuma: "ni mmea tu, hauna madhara". Ngozi ndo mlinzi wako na hapa mlinzi tumempita! Seli za kinga zimejaa palepale, ndo maana hata chanjo zinajaribiwa kwa njia hii, yani kitu ambacho ukipaka hakikufanyi chochote kikiingia ndani kinaweza kukuamshia aleji. Alafu dondoo ya mmea sio kitu kimoja, ina kemikali kibao, na kama haikusafishwa inaingia na vijidudu vyake na mabaki ya dawa za shambani. Kuichemsha plasta ili kuua vijidudu haiwezekani, joto na maji vinaiharibu, lazima iwe safi tangu inatengenezwa. Kwahiyo mtu akikwambia uponde majani, uchuje, upake alafu upitishe rola ya sindano za chuma, kataa kabisa, hiyo sio teknolojia hii.

Na dozi pia, plasta moja inabeba miligramu chache au chini ya hapo, inafaa dawa yenye nguvu kwa kiasi kidogo, sio kila mchanganyiko wa mizizi. Pakiti isifunguliwe mapema, unyevu ukiingia ncha zinalegea zinapinda badala ya kutoboa.