Usiuzike moyo wa stroberi

Karibu kila wiki mtu hunitumia picha ya mche wa stroberi uliosinyaa, na maelezo ni yaleyale: maji anamwagilia kila siku, mbolea ameweka, jua lipo, sasa mbona unakufa? Huwa sikimbilii kujibu. Namwomba afukue udongo kidogo pale katikati ya mche, kisha apige picha nyingine. Mara nyingi picha ya pili ndiyo yenye jibu: mche umezikwa.

Stroberi ina shina, ila ni fupi kiasi kwamba wengi hawalioni. Kati ya mizizi na vikonyo vya majani kuna kishina kinene, kifupi kuliko kidole gumba. Wengine hukiita taji. Mimi nimezoea kukiita moyo, kwa sababu majani, maua na vile vitambazi vinavyotoka kwenda kuzaa miche mipya, vyote huanzia humo. Moyo ukifunikwa na udongo, vichipukizi vyake hukaa kwenye unyevu saa zote, na kuvu haichelewi. Ukiachwa juu mno nao, mizizi mipya inayochipuka ubavuni mwake hukutana na hewa kavu badala ya udongo, ikanyauka kabla haijashika. Kwa hiyo panda hivi: usawa wa udongo upite katikati ya moyo, nusu ya chini ndani, nusu ya juu nje. Kisha rudi kuutazama baada ya siku mbili tatu, maana udongo uliomwagiliwa hushuka, na mche uliopandwa vizuri jana unaweza kuwa na mizizi uchi leo.

Somo hili nililipata kwa hasara. Nilipoanza, niliipanda miche yangu 30 kama nilivyozoea kupanda nyanya: chini kabisa, udongo nikaushindilia shingoni. Nyanya hushukuru ukiizika hivyo, kwani shina lake huota mizizi. Stroberi haina uvumilivu huo. Baada ya wiki mbili majani machanga ya katikati yaligeuka kahawia. Nikiyavuta yanatoka bila ubishi, na chini yake harufu ya uvundo. Ilibaki 7.

Ukitaka kujua mche wako umekufa kwa nini, usiutupe kwanza. Ung'oe, uoshe, upasue moyo kwa kisu kwa urefu. Moyo mzima ndani ni mweupe wa maziwa. Uliooza una rangi ya kutu, wakati mwingine kwa mabaka. Ukiiona kutu hiyo, usirudishe stroberi nyingine kwenye udongo uleule. Umwage, osha chungu, anza na udongo mpya.

Kuhusu udongo wenyewe sina mengi. Mizizi ya stroberi ni ya juujuu, mingi haishuki zaidi ya sentimita 20, kwa hiyo chungu cha kina hicho kinatosha mradi kina matundu chini. Changanya mboji iliyoiva vizuri. Stroberi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) kati ya 5.5 na 6.5, ukiona majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, jua udongo umepoteza uchachu na mche unashindwa kunyonya chuma. Bustanini acha sentimita 30 hivi kati ya mche na mche, na usipande mahali palipotoka nyanya, viazi, biringanya au pilipili: kuvu ya mnyauko inayoshambulia mimea hiyo hubaki ardhini miaka mingi, na stroberi nayo ni chakula chake. Jua ni jumla ya saa 6 hadi 8 kwa siku. Joto likipita nyuzi 30 aina nyingi hupunguza kutoa maua, basi kivuli chepesi cha mchana wakati huo hakiharibu kitu.

Maji ndiyo kosa la pili baada ya kuzika. Mizizi ikiwa ya juujuu, mche huona kiu upesi, na hilo ndilo linalowafanya watu wamwagilie bila kupima. Chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili. Pakiwa pabichi, ondoka. Pakiwa pakavu, mwagilia polepole mpaka maji yatokee chini, na uyaelekeze kwenye udongo, siyo juu ya moyo na majani. Asubuhi ni bora kuliko jioni, kwa kuwa majani yaliyolowa hupata mchana mzima wa kukauka. Ardhini tandaza nyasi kavu chini ya majani. Zinashika unyevu na kuyainua matunda yasilale kwenye udongo, ila usizirundike juu ya moyo, utakuwa umeuzika kwa mlango wa nyuma.

Maua ya kwanza yakitokea kwenye mche mchanga, yakate. Najua inauma. Mche wenye majani matatu ukizaa, unazaa kwa akiba ambayo ingejenga mizizi. Vumilia wiki nne hadi sita.

Baada ya hapo, ua lichunguze kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo watu wa vibarazani na madirishani wanapopoteza mavuno bila kujua. Katikati ya petali nyeupe kuna kilima kidogo cha kijani kibichi chenye vinywele vingi, na kukizunguka kuna duara la vichwa vya njano vyenye chavua, yaani unga wa kiume wa ua. Kila kinywele kina kijiyai chake. Kikipata chavua, kinakuwa ile punje tunayoiita mbegu, na punje hiyo ndiyo inayotoa homoni ya kuinenepesha nyama iliyo chini yake. Kwa lugha ya mimea, tunda halisi la stroberi ni ile punje. Nyama nyekundu tunayoila ni kitako cha ua kilichovimba. Ndiyo maana kinywele kisipopata chavua, nyama ya upande ule haikui, na unapata tunda lililobonyea au lenye pua mbili. Watu hudhani ni ugonjwa. Nyuki hawakufika, basi. Mahali pasipo na nyuki, chukua brashi laini ya kuchorea, izungushe taratibu juu ya ua lililofunguka, adhuhuri hewa ikiwa kavu, na urudie kesho yake. Na ukikuta ua limefunguka vizuri lakini kilima chake ni cheusi, liliunguzwa na baridi ya kugandisha. Halitazaa hata ulipake nini.

Chavua ndiyo iliyotupatia hata stroberi tunayoilima. Mwaka 1714 Mfaransa Amédée-François Frézier alirudi kwao kutoka Chile na miche ya stroberi yenye matunda makubwa. Ilimea vizuri, ikastawi, haikuzaa: ilikuwa majike matupu. Ilianza kuzaa baadaye, ilipopandwa karibu na stroberi nyingine iliyotoka Amerika Kaskazini, na katika kuchanganyika huko ndipo ikazaliwa stroberi kubwa ya leo. Kwa kuwa ni chotara, ukipanda punje za tunda ulilolipenda, mche utakaoota hautafanana na mama yake. Mfano kamili wa mama hupatikana kwa vitambazi.

Kwa mbolea, kidogo kwa mara kadhaa ni bora kuliko nyingi kwa mara moja. Naitrojeni ikizidi utapata majani mapana ya kupendeza wageni, na tunda moja. Maua yakianza, pendelea mbolea yenye potasiamu zaidi. Majani yakiungua pembeni, umezidisha chumvi ya mbolea. Mwagilia maji matupu hadi yatiririke chini.

Vitambazi vikate vyote wakati wa kuzaa, kwa kuwa vinakula chakula cha matunda. Msimu ukiisha, acha viwili vitatu kwenye mche wenye afya, uelekeze kimche cha kwanza cha kitambazi kwenye kichungu kidogo, ukibane kwa waya uliokunjwa, bila kukizika (narudia tena). Baada ya wiki nne hivi kina mizizi yake, kata kamba inayokiunganisha na mama. Fanya hivyo kila mwaka, maana baada ya miaka mitatu mche mama huchoka na matunda huwa madogo.

Wadudu ni wengi, nitataja wanaonisumbua mimi. Koa hula usiku na kuacha ute. Waokote kwa tochi. Utitiri hupenda ukavu, hufuma utando mwembamba chini ya majani, na nguvu ya maji upande ule wa chini huwapunguza sana. Tunda likivaa manyoya ya kijivu, hiyo ni kuvu ya Botrytis. Litoe mara moja pamoja na jirani aliyeligusa, usiliache chini ya mche.

Toka ua lifunguke hadi tunda liive ni kama siku 30, pungufu kidogo penye joto. Subiri wekundu ufike hadi mabegani, chini kabisa ya kile kikofia cha majani, kwa sababu stroberi ikishachumwa haiongezi utamu, hata rangi ikiendelea kukolea. Usilivute tunda lenyewe. Bana kikonyo kwa kucha, sentimita moja juu ya kikofia, ukate. Usilioshe mpaka utakapolila.