Mzazi unayefuata msimu wa shamba, usihame bila namba ya mtoto

Hii naiandika kama afisa ustawi wa jamii hapa Dar, ila kabla ya ofisi mimi ni mtoto wa laini, nimezaliwa kwenye kambi ya vibarua wa mkonge.

Babu alitolewa Kasulu miaka ya 1950 na mawakala wa SILABU, ile ofisi iliyokuwa inakusanya watu wa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akapandishwa treni, akapewa namba, na ndo neno manamba lilikotoka. Alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, ukiumwa siku hiyo haihesabiwi, mpaka zitimie 30 ndo ulipwe. Baba naye akakata mkonge hukohuko Korogwe, bei ilipoporomoka na korona, ile mitambo ya kusindika mkonge, zikaanza kufungwa tukahamia Kilosa, kisha Mtibwa kwenye miwa. Nimesoma shule nne mpaka kumaliza la saba.

Wengi mnadhani kinachomwangusha mtoto wa kibarua ni njaa. Njaa ipo kweli, na kazi zipo, usiku mama alikuwa ananikalisha karibu na koroboi ananichokonoa miiba ya mkonge kwa pini na utomvu uliokaukia mikononi unawasha mpaka asubuhi. Lakini kilichotaka kunimaliza mimi ni kuhama katikati ya muhula. Hesabu za sehemu sikufundishwa kabisa, shule niliyotoka walikuwa hawajazifikia na niliyoingia walikuwa wameshazipita, kwahiyo darasani nikaonekana mzito na mimi mwenyewe nikaamini hivyo. Mwalimu mmoja wa Mtibwa akanibakiza jioni, akachukua muwa wa pingili nane akaniambia nipe robo, nikakata pingili moja. Akasema hapana, hesabu tena. Nikakata mbili. Akanipa nizile, na kesho yake akaja na muwa mwingine.

Si kila mtoto atakutana na mwalimu kama yule, kwahiyo wazazi naomba tusikilizane hapa.

Shule ya msingi siku hizi mtoto anasajiliwa kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani na anapewa namba, hiyo namba ndo anahama nayo. Ukimbeba mtoto usiku na magodoro juu ya fuso bila kuaga shule, huko nyuma anaandikwa mtoro na huku mbele anakaa darasani kama mgeni, halafu ukifika usajili wa mtihani wa la saba jina halipo. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla hamjaondoka, omba uhamisho, iandike namba hata nyuma ya kadi ya kliniki. Ada isikutishe, tangu 2016 elimu ni bila ada mpaka kidato cha nne na baadae ikafika cha sita, ingawa najua daftari, sare na michango bado vinauma.

Kama ameshaacha muda mrefu kuna madarasa ya MEMKWA kwa ajili ya waliokosa shule, uliza ofisi ya elimu kata. Na kazi jamani, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi tu kuanzia miaka 14, kazi za hatari hakuna kabisa mpaka atimize 18, panga la miwa na dawa ya kupulizia tumbaku si vya mtoto hata kama ni wa kwako na mnadaiwa. Ukiona mtoto anatumikishwa piga 116, ni bure.

Juzi mama mmoja kaja ofisini kutoka Mbagala, wametoka shamba, wamepanga chumba kimoja, kijana wake ana miaka 13 anauza maji ya kandoro, yale ya kwenye vifuko vya plastiki, stendi. Tumemuuliza namba ya PREM, hajui ni kitu gani. Tukapiga simu shule aliyotoka, tukahangaika siku mbili, kumbe mwalimu mkuu alikuwa hajalifuta jina lake.

Jumatatu kijana kaanza la tano. Kawekwa dawati la nyuma maana ni mrefu kuliko wenzake. Nimemuuliza hesabu mmefika wapi, akaniambia wanaanza sehemu wiki ijayo.