"Ni Vitamini Tu"

Juzi jioni nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa Sinza. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa makamo. Kaka yake, wa tumbo moja, ametoka kufanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, naye alikuja kuulizia vidonge vya vitamini D, "vile vya kukinga kansa ya utumbo." Akaletewa pakiti. Akaisogeza kwenye taa, akasoma yuniti 50,000, kisha akauliza mambo mawili: je, ameze kila siku? Na je, si homoni hizi? Maana homoni anaziogopa. Kijana wa dukani akamjibu kwa adabu kabisa: "Hapana mama, siyo homoni. Ni vitamini tu, haina shida."

Hilo "vitamini tu" nimelisikia mara nyingi mno: kwa majirani, kwenye daladala, kwenye matangazo ya simu. Linaniuma kwa sababu kila neno ndani yake limekosea.

Vitamini ni kirutubisho ambacho mwili unakihitaji kidogo lakini hauwezi kujitengenezea cha kutosha, hivyo lazima ukipate kwenye chakula. Homoni huundwa na mwili wenyewe, ikasafiri kwenye damu na kwenda kutoa amri mahali pengine. Kwa maana hizi, vitamini D ni ya ukoo wa homoni.

Mbona basi inaitwa vitamini? Ni mkasa wa kihistoria. Mwaka 1912 Casimir Funk, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi London, aliunganisha neno la Kilatini "vita", yaani uhai, na "amini", aina ya kemikali aliyodhani imo katika virutubisho vyote hivyo. Haimo katika vyote, lakini jina likabaki. Miaka kumi baadaye, Marekani, Elmer McCollum alichukua mafuta ya ini la samaki, akaua vitamini A iliyokuwamo, akaona mafuta yale bado yanatibu matege. Herufi A, B na C zilikwisha kuchukuliwa, akaipa hii D. Ilikuwa imepatikana ndani ya chakula, ikaandikishwa kuwa ya chakula. Kwamba ngozi ya binadamu huiunda yenyewe ikipigwa na jua ilieleweka baadaye, jina likiwa limeshazoeleka.

Na "homoni"? Mwaka 1902 William Bayliss na Ernest Starling waligundua kwamba utumbo mwembamba hutoa kitu kinachopita kwenye damu na kuliamuru kongosho lifanye kazi. Mwaka 1905 Starling akatumia jina homoni, kutoka Kigiriki, lenye maana ya kuchochea. Vitabu vyetu husema "kichocheo", na napenda neno hilo kuliko la kukopa. Lakini huku mtaani homoni imebaki kuwa sindano ya uzazi wa mpango au kuku wa kisasa, kitu cha kutia hofu. Wengi hawajui kwamba kichocheo cha kwanza kupewa jina hilo kilitoka tumboni.

Vitamini D basi: ngozi huianzisha, ini huibadilisha, figo huikamilisha. Ikishakamilika huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuwasha au kuzima jeni. Seli za utumbo mpana zina vipokezi vyake, yaani sehemu za kupokea amri yake, na nyingine huikamilisha zenyewe papo hapo. Kichocheo hiki hapo huwa breki: huiambia seli ikomae, iache kujigawa ovyo, na iliyoharibika ife. Ndiyo maana watafiti wana matumaini nacho. Mwaka 1980 ndugu wawili, Cedric na Frank Garland, walionyesha kwamba maeneo ya Marekani yenye jua haba yalikuwa na vifo vingi zaidi vya saratani ya utumbo mpana.

Tumaini hilo bado halijawa kinga. Wanawake zaidi ya 36,000 walifuatiliwa kwa takriban miaka saba, nusu wakipewa vitamini D na kalsiamu; matokeo ya mwaka 2006 hayakuonyesha tofauti katika saratani hiyo. Hata homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi, estrojeni pamoja na projestini, zilipunguza saratani ya utumbo mpana katika jaribio la 2002, lakini zikaongeza ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Hakuna anayeshauriwa kuzitumia kwa ajili ya utumbo.

Na kichocheo hakimezwi kama karanga. Kikomo salama cha kila siku kwa mtu mzima asiye chini ya daktari ni yuniti 4,000; ukizidisha sana, kalsiamu hupanda kwenye damu na figo huumia.

Kwa hiyo kijana wangu, siku nyingine mwambie hivi: "Mama, hii ni homoni iliyopewa jina la vitamini. Hii ya 50,000 siyo ya kila siku, na huanzwa daktari akishapima damu. Kama kaka yako aliugua utumbo mpana, wewe pia uko kwenye hatari zaidi. Nenda hospitali uulizie kipimo cha kuchungulia utumbo, na ukiona damu chooni usiseme ni bawasiri kabla hujapimwa."